Chujio

"Rezo imekwenda," anasema karani Birindwa,
kana kwamba rezo ina miguu,
imechukua mwavuli wake, ikaaga, ikafunga mlango.
Kioo mbele yake kimekuwa cheusi.
Anajiona humo. Anaweka tai sawa.

Tuko kumi na tisa kwenye mabenchi ya komine, Kadutu.
Zamani palikuwa na daftari na wino
na kidole cha karani kikitembea juu ya mstari.
Mwaka huu daftari limefungiwa kabatini:
watoto wanaandikwa hewani,
na hewa yenyewe, tunaambiwa, iko Kinshasa.

Nimekuja kumwandikisha binti yangu.
Ana siku themanini na nane.
Zikipita tisini nitapelekwa mbele ya hakimu
kueleza kwa nini yupo.

Benchi halikosi wataalamu.
Mzee Cishugi anasema ni udongo: Funu imeteleza tena usiku,
nyumba tatu na ule waya wa kioo, vyote bondeni.
M'Kabika muuza makala anasema ni deni,
serikali haijalipa kampuni,
na kampuni haina shangazi wa kuombewa kwake.
Kijana mwenye kofia anasema neno la siri
analijua mtu mmoja tu,
na mtu huyo yuko matangani Walungu tangu Jumatatu.
"Panya," anasema mwingine. Hatumcheki.
Panya wa Kadutu tunawajua.

Mimi kimya.
Nimevaa shati la Jumapili
lakini viganja vyangu vina harufu
ambayo sabuni imeshindwa nayo miaka sita.

Kazi yangu iko chini, pale ziwa linapogeuka mto.
Kuna chujio la chuma mbele ya mitambo ya Ruzizi,
na mbele ya chujio inaelea Bukavu nzima:
chupa za maji, chupa za juisi, kandambili za mguu mmoja,
kichwa cha mwanasesere, madumu, mifuko,
kila kilichotupwa Nyawera mvua ikakisukuma Kawa,
Kawa ikakimwaga ziwani,
na ziwa, polepole, bila hasira,
likaturudishia.
Navua kwa ndoano ndefu. Tuko watatu.
Wa kwanza ana malaria.
Wa pili hajalipwa miezi mitano,
ameapa kwa kaburi la mama yake kuwa leo hashuki.
Wa tatu ndiye huyu aliyeketi hapa.

Nilimwambia msimamizi: nusu saa tu.
Niliingia saa tatu. Saa nne na robo taa zikafa.

Sikuhitaji kuambiwa.
Nilizisikia kutoka huku mlimani
zikipandana kifuani mwa chuma, chupa juu ya chupa,
maji yakisukuma, yakikosa pa kupita,
gurudumu likipunguza mwendo
kama mlevi aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.
Kisha feni ya Birindwa ikasimama.
Alikuwa ameanza jina la mtoto.
Alikuwa amefika Nsi.
Mire ikabaki kwangu, mdomoni.

Je, niseme? Nisimame niwaambie
si udongo, wala panya, mzee wangu, ni mimi,
nimekuja kuomba karatasi
na karatasi ilikuwa inaningoja mtoni?
Lakini udongo nao huteleza kweli.
Na deni lipo. Na aliye matangani yuko matangani.

Anaingia mtoto na beseni kichwani: "Maji! Maji baridi!"
Benchi zima linanunua. Nami nanunua, jua limekuwa kali.
Cishugi anakunywa mafunda manne,
anarusha chupa dirishani bila kuitazama.
Naisikia ikigonga jiwe, ikibingirika mferejini,
inateremka, inateremka.
Njia yake naijua kuliko njia ya kwetu.

Yangu bado ninayo mkononi, tupu.
Nimetafuta pipa korido nzima ya serikali,
nyuma ya kabati, chini ya picha, kando ya ngazi.

"Weka tu hapo nje," anasema Birindwa.
"Mvua itaichukua."