Siku Saba za Kujaribu

Onzima mwenye duka pale Oli aliniambia,
"Kaa nayo siku saba, Candiru. Ikikuchosha, irudishe."
Nikaipakata mpaka nyumbani kama mtoto wa jirani
nisiyejua huwa analia saa ngapi.

Jumatatu niliiweka juu ya mizani ya chama,
kati ya ndoo na masega.
Kilo moja na robo.
Warina asali wa Vurra waliokuwa kwenye foleni wakacheka:
"Milioni mbili na nusu kwa uzito huu?
Sisi tungeuza hivi, Arua nzima ingekuwa ghorofa."

Jumanne, kumbukumbu za mkutano.
Vitufe vyake ni vifupi, havizami.
Vidole vyangu vimezoea ile ya zamani,
inayotaka kugongwa kama mlango wa kiziwi.
Hapa naparaza tu, herufi imeruka, nyingine imebaki.
"Wanachama wote wamelipa" ikawa "wamelia,"
na kikaoni nilipoisoma
hakuna aliyepinga.

Jumatano nikahamia barazani, jua limewaka.
Kioo kikanionyesha uso wangu badala ya hesabu,
na mvi mbili ambazo sikuwa na habari zake.
Sijui niiandike wapi hiyo,
kwenye kasoro au kwenye sifa.

Tundu mbili tu, tena ubavu mmoja.
Printa ya chama ina waya mnene wa enzi zile.
Tulitazamana, mimi na waya,
kama watu waliokosea matanga.

Alhamisi umeme ulikatika saa nne asubuhi.
Saa sita nilikuwa naandika.
Saa nane naandika.
Ile ya zamani ingezima kabla sijamaliza tarehe.
Hii haikuvuma, haikukoroma,
ilinipasha tu mapajani, joto la mkate uliofunikwa kitambaa,
na saa kumi na dakika ishirini
ikaomba chaja, kwa adabu.
Nilikaa kimya kidogo.
Sijazoea kuombwa kwa adabu.

Ijumaa sikuigusa. Tulikuwa tunachuja asali.

Jumamosi usiku mama aliigeuza, akaigeuza tena.
"Hiki ni kifuniko," akasema. "Chombo chenyewe kiko wapi?"
Tukaiegemeza kwenye sufuria ya enyasa, tukaweka filamu.
Rangi, lo! Nyekundu ya gauni ilitaka kumwagika mezani.
Lakini spika ziko tumboni, zinanong'oneza meza siri zetu,
mpaka Ayikoru akaipandisha juu ya bakuli la udongo
na sauti ikanenepa.
Mvua ikanyesha ndani ya filamu, ikanyesha juu ya bati,
hatukujua ipi inamlowesha yule bwana.
Akashika kitasa cha mlango wa mkewe
na betri ikaisha.
Giza.
"Aliingia," mama akamalizia, "akakuta wameshakula."
Tulicheka hadi kuku wakalalamika.

Jumapili niliifungua ile nene, ya plasta kwenye kona.
Imeanguka kutoka kwenye bodaboda mara mbili,
mara moja kwenye tope la Enyau,
na bado inajua jina langu.
Hii nyembamba sijui ikianguka.
Siku saba hazitoshi kujua hilo,
na kitu cha mtu hakijaribiwi kwa kuangushwa.

"Basi?" Onzima akauliza.
Nikamwambia habari ya wamelia, ya waya, ya mvi.
Nikamwambia apunguze laki moja na anipe kiunganishi bure.
Akasema hamsini.
Nikasema nina nusu leo, nusu baada ya mavuno.
Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kifuniko, na aliuona.
"Mchovya asali..." akaanza,
akaiacha hapo, akafungua kitabu cha risiti.
Kalamu yake iligoma.
Nikampa yangu.