Upande wa Chini

Mzee Wilf Robson, fundi bomba mstaafu,
aliileta ndani ya soksi,
soksi ndani ya kopo la tumbaku,
Alhamisi, mvua ya Corbridge ikichapa dirisha.
"Mtaka cha mvunguni," nikamwambia kwa lugha yangu,
naye akashika kiuno, akacheka bila kuelewa:
miaka kumi na mmoja akiinama
katika shamba la viazi la shemeji yake,
akiokota vifungo, risasi, vizibo vya bia.

Gramu saba na nukta tatu.
Dhahabu haijui kutu. Ilitoka topeni
kama iliyotoka mfukoni jana.

Kichwa: kaizari, taji la majani,
shingo nene ya mtu alaye akiwa amelala,
jina lake limemzunguka kisogo hadi kidevu
pamoja na vyeo vyote, herufi zikisukumana
kama wageni kwenye picha ya harusi.
Huku hakuwahi kukanyaga.
Uso ulitumwa; mwili ulibaki penye jua.
Askari akalipwa uso huo, akauficha,
akaenda alikokwenda.

Nikaigeuza.

Mwanamke ameketi chini, mikono nyuma,
juu yake nguzo iliyovishwa deraya za nduguze.
Kichwa chake hakifiki punje ya mtama.
Chini ya lenzi nikaona kisigino,
mkunjo wa shuka, na shavu
lililoegemea bega kwa uchovu
ambao mchonga muhuri, sijui kwa nini,
hakuweza kuudanganya.
Jina hana. Nafasi ilikuwapo; waliiacha wazi.

Kwetu Singida tulirusha shilingi:
kichwa au mwenge?
Kaka yangu Mkumbo siku zote kichwa,
mimi mwenge,
na aliyeshindwa aliosha masufuria.
Hapakuwa na upande wa aliyefungwa.
Au sikuangalia vizuri.

Miezi minane baadaye imepata kioo chake.
Karatasi ya ofisini inaagiza: uso juu.
Saa kumi na moja jioni nimevaa glavu,
nimemlaza kaizari kifudifudi
kwenye mahameli nyeusi, pua ndani ya giza
alilokwisha kulizoea
karne kumi na tisa, bila kulalamika.
Yeye nimemwacha atazame taa,
dari, na nyuso zitakazomwinamia.

Nimefunga kioo.
Kesho msimamizi atauliza.
Nitasema iliteleza.