Hatua Kumi na Tisa

Nimezihesabu. Kutoka mlango wa kushoto
hadi mlango wa kulia ni hatua kumi na tisa,
ishirini nikivaa viatu vya kisigino.
Nyumba ni ya serikali, Shati al-Qurum, haina kibao.
Julai: vioo vinatoka jasho kwa nje,
na ndani kiyoyozi kimetugandisha kama samaki wa Matrah.

Chumba cha kushoto wameketi watu sita
ambao rasmi hawajafika.
Chumba cha kulia wameketi watano
ambao rasmi hawajui kwamba wale sita hawajafika.
Katikati niko mimi, Shinuna binti Mbaruk,
karatasi mkononi,
na mkuu wangu, Bwana Ghalib bin Zahor,
aliyeniambia siku ya kwanza:
"Wewe ni mfereji. Mfereji hauonji maji."

Siku ya tatu tumenasa kwenye neno moja.
Kushoto wanataka "watasimamisha".
Kulia wako tayari kumeza "wanakusudia kusimamisha".
Kati ya kitenzi na kitenzi pana meli mbili za mafuta
zimetia nanga, mabaharia wake wanakula wali mkavu,
pana bandari, pana bima, pana mama fulani
huko ng'ambo anayelala na viatu miguuni.
Haya hayamo kwenye karatasi.
Kwenye karatasi mna mkato.

Nilipokuwa chuoni nilidhani
nchi huamua kama mtu anavyocheza bao:
anahesabu kete, anatazama mbali, ndipo anasogeza.
Sasa nimeiona nchi ikipigiwa simu na mkewe.
Nimeiona nchi ikitafuta chaja.
Nimeiona ikisema "hapana" saa nne asubuhi
kwa sababu kwao kuna uchaguzi mwezi ujao,
ikisema "labda" saa tisa kwa sababu bei ya pipa imeshuka,
na saa moja usiku ikinyamaza, imeshika shavu.

Jino.
Mkuu wa chumba cha kulia ana jino bovu.
Hakumwambia mtu, maana atakayejua
atajua pia kwamba ana haraka.
Mimi nilijua. Mama yangu, mzaliwa wa Wete,
alikufa mkebe wa karafuu uko chini ya mto wa kitanda chake;
mkebe huo sasa umo mkobani mwangu.
Nikampa mbili, ndani ya kitambaa, bila neno.
Akazibana kwa meno. Akanitazama kama mtu
aliyesomewa barua yake.

Mfereji umeonja maji, nikawaza.
Nikaenda. Kumi na tisa.
Nikarudi. Kumi na tisa.
Usiku wa manane akachukua kalamu,
akafuta "wanakusudia", akaandika "watajitahidi",
ambalo si hili wala si lile,
neno lenye mlango mbele na mlango nyuma.
Kushoto walilisoma mara nne. Wakaagiza chai.

Garini nilimuuliza Bwana Ghalib
kwa nini sisi, kwa nini nyumba hii, kila mara.
Akasema: "Majirani wawili wakigombana,
na ukuta wako ndio ulio kati yao, utauza nyumba?
Nani atainunua, na milima yake?"
Kisha, polepole, kwa Kiswahili cha nyumbani
ambacho kazini hatukitumii:
"Na apitishaye chakula juu ya ukuta
hasifiwi kwa chakula. Hulaumiwa kwa sahani ikivunjika."

Asubuhi taarifa ilikuwa mistari mitatu.
Mazungumzo yalikuwa ya wazi. Pande zote zitakutana tena.
Kwenye televisheni wachambuzi walitaja manowari,
vikwazo, hesabu za kura bungeni. Huenda wana haki;
siwezi kuapa kwamba karafuu ilifanya lolote.
Meli moja iling'oa nanga. Ya pili bado.

Wanarudi Jumanne.
Nimenunua viatu bapa.
Nimepita Matrah kuujaza mkebe, robo kilo,
na muuzaji, akipima, akaniuliza
ni za pilau au ni za dawa.
Sikuwa na jibu rasmi.