Herufi Nne, Mlalo

Gazeti la kusini hufika Kautokeino siku ya pili,
limekunjwa, lina baridi kama samaki.
Shangazi Ravna huruka vita, huruka bei ya dizeli,
hutua ukurasa wa mwisho, penye miraba,
na kalamu ya wino. Ya risasi, asema, ni ya waoga.

Nisomee.

Kumi na nne, mlalo: mnyama wa kaskazini,
avutaye sleji ya zawadi. Herufi nne.

Anacheka mpaka kahawa inamwagikia sahani.
Mnyama! Ni kama kuulizwa, nani anabisha hodi?
ukajibu: mtu.
Yupi? Sarvvis, dume la msimu wa kupandana,
shingo imemvimba kwa kiburi?
Heargi, maksai wa kuvuta, mpole kama shemasi?
Nulpu, asiye na pembe? Čearpmat, ndama wa mwaka jana,
kaachishwa ziwa na bado amwandama mama?
Wa nani? Sikioni kachanjwa alama gani?
Mtunga fumbo huyu hajanusa manyoya yaliyolowa.

Namtajia jibu, lile la kusini.
Ananitazama kana kwamba nimepanda mezani na viatu.
Anaandika ÁLDU: jike mwenye ndama ubavuni.
Nne, asema. Hesabu.

Tisa, wima: mwimbaji wa jadi. Herufi sita.

Hapo hacheki.
Jiko linatafuna magome.
Shule ya bweni ilikuwa na rula ya waliothubutu
kuimba mlima, au mbwa.
Si kuimba juu ya mlima. Kuuimba,
hadi uje usimame chumbani, uzibe dirisha.
Jovnna, mdogo wake, alichapwa Jumatatu.
Jumanne akamwimba mwalimu mwenyewe,
pua, kikohozi na rula,
darasa zima likamwona yuko wawili.

Kalamu inashuka polepole: J, O, V, N, N.
Ya sita haiandiki. Ipo tayari, inangoja,
ile Á ya áldu.
Anapokomea Jovnna
ndipo anapoanzia jike na ndama wake.

Sikusema kitu. Huyo ni baba yangu,
aliyedidimia na pikipiki ya theluji
kwenye barafu ya Mei.
Wimbo wake ninao nusu.

Wiki ijayo watachapa majibu sahihi.
Yatawashia jiko.

Endelea, asema, umelala?
Ishirini na moja, mlalo:
mto wa Ulaya, herufi tatu.