Madaftari Mawili

Daftari la kwanza ni la kampuni. Jalada jeusi,
limefungwa kamba kwenye mguu wa meza
kana kwamba litatoroka.
Humo naandika magari: nambari, dereva, saa, shehena.
La pili ni la vyura.
Hili nalilaza kifuani, ndani ya koti la ulinzi,
maana Lubigi hupumua ukungu usiku kucha
na karatasi haina ngozi ya mamba.

Alinipa binti wa Makerere, Tibahwa,
aliyekuja na mabuti marefu kuliko subira ya bosi wangu.
“Mama Candiru, kumbe wewe hukeshi bure.
Saa nne kamili zima redio, sikiliza dakika tano.
Kimya, andika sifuri. Wakihesabika, moja.
Wakianza kukatana kauli, mbili.
Wakiwa kwaya isiyo na mwanzo wala mwisho, tatu.”
Nikauliza malipo. Akacheka, akanipa kalamu
na bando la wiki.

Majina yao ya kitaalamu hayakunikaa.
Nimewabatiza mwenyewe kwa Kiswahili cha kambini,
kile tulichokulia nacho Arua, sisi watoto wa wanajeshi:
Fundi Saa, yule mdogo wa kwenye mafunjo, ti, ti, ti,
hajamaliza kutengeneza saa hata moja;
Mgonga Chupa; Bibi Anayefagia;
na mnene mmoja wa chini ya kalavati
anayekoroma kama Sajini Drani siku ya mshahara.

Mwezi wa nne ulikuwa tatu, tatu, tatu,
ukurasa mzima kama masikio yaliyopangwa foleni.
Mvua ilianza ikasahau kuacha.
Bwaise ikawa mto, watu wakalaani,
nami nililaani, viatu vyangu ni vya mkopo;
lakini nyuma ya ukuta
walisherehekea kama waliolipwa malimbikizo.

Kisha bosi akanunua kinamasi.
Sijui kinamasi hununuliwa kwa nani.
Alisema tu: malori yatapita usiku, geti la pili.
Geti la pili ni langu.

Fuso, udongo mwekundu, saa tano na robo.
Fuso, udongo mwekundu, saa tano na nusu.
Naandika vizuri; mwandiko wangu husifiwa.
Nasukuma geti, linalia kwa kukosa grisi,
dereva ananirushia muhogo wa kuchoma, “Afande, shika!”
na huko gizani udongo unashuka majini
kwa sauti ya mtu mnene akiketi.

Usiku wa kumi na moja, Mgonga Chupa peke yake.
Nikaandika moja.
Nikamngojea mwenzake hadi dakika ya tisa,
jambo ambalo kanuni haziruhusu.

Jana, sifuri.
Nikampigia Tibahwa, nikamtoa usingizini,
nikamwambia sina kitu cha kutuma.
“Tuma,” akasema. “Sifuri nayo ni neno.”
Akanyamaza. “Mama, unajua kimetokea nini?”
Nikasema mtandao unakatika.

Sasa ni saa tisa. Muhogo umepoa.
Huku malori arobaini na matatu,
huku sifuri, mviringo,
yai la chura lisilo na ile nukta nyeusi ndani.
Kalamu ni ileile.

Chini kabisa ya fomu pana nafasi: Maelezo mengine.
Sijawahi kuijaza, sikuwa na mengine.
Navuta daftari jeusi hadi kamba inakaza,
nanakili nambari za malori, moja moja,
na saa zake, na jina la geti,
kwa mwandiko huu unaosifiwa.
Hili la vyura halina kamba.

Ndipo, ndani ya pipa la maji ya kuzimia moto,
kitu kinasema: ti.

Saa nne imepita zamani. Huyu hahesabiki.
Nazima redio hata hivyo.