Mpira Ulikuwa Wetu

Kabla ya filimbi, mpira wao ulipasuka.
Haukulia sana. Kama mtu anayeguna usingizini.
Ruhomvya, kocha wao, akaugeuza mkononi
kisha akaniangalia,
na Kigoma yote iliyozunguka uwanja ikaniangalia.

Ndani ya mfuko wa sandarusi, chini ya jezi,
nilikuwa nao mmoja,
uliosuguliwa na saruji ya Tabora
hata vinundu vyake vikalala.

"Mwalimu," Mihayo akaninong'oneza, "usiutoe.
Wasipokuwa na mpira, pointi zetu."
Nahodha huyo. Kanuni anazijua kuliko mimi.

Nikautoa.

Hamsini na nane kwa hamsini na saba.
Tulifungwa kwa mpira wetu wenyewe.
Mtupo wa mwisho ulikuwa wa Mihayo
na mpira, kwa ule upara wake,
ulimteleza vidoleni kama samaki.

Miaka kumi na tisa nafundisha kikapu chuo cha reli.
Zamani niliwaambia vijana: timu ni treni.
Walipenda, maana treni ndiyo wanayosomea.
Lakini treni ina kichwa kimoja
na mabehewa hayaulizi yanapelekwa wapi.
Mihayo anauliza. Kila siku anauliza.
Nimeacha kusema timu ni treni.

Siku hizi nawapeleka karakana
nawaonyesha kile chuma kati ya behewa na behewa,
kimejaa grisi, abiria hakipigi picha.
Nkwabi yuko hivyo.
Msimu mzima hajafunga hata kikapu kimoja.
Katika daftari langu ana safu ya peke yake:
mara ngapi mwenzake amefunga
kwa sababu Nkwabi alisimama pale aliposimama.
Safu haina jina. Nimeandika matatu, nimeyafuta.
Siku ile ya Kigoma ilifika kumi na nne.

Wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani.
Hata mimi nimeusema msemo huo,
mara nyingi, nikiwa nimeshinda.

Usiku ule kwenye treni niliugeuza ulimini.
Kushinda, mtu anaweza peke yake.
Ongeza *na* mwishoni, kushindana,
na ghafla mko wawili,
kama kupendana, kama kuzikana.
Ruhomvya asipokuja uwanjani, mimi ni nani?
Mzee mwenye filimbi
anayefukuza mbuzi kwenye saruji.

Hadi Uvinza Mihayo hakunisemesha.
Malagarasi tuliivuka gizani, akiwa kimya.
Nguruka akanunua karanga, akamgawia Nkwabi, mimi akaniruka.
Karibu na Kaliua ndipo alipouliza:
"Ingekuwa sisi tumepasukiwa, wao wangetupa?"
"Sijui," nikasema.
Nilitafuta jibu la kikocha, sikulipata.
Akaudunda mpira mara moja kwenye sakafu ya behewa.
Mama mmoja mwenye mtoto aliyelala akamtazama.
Akauweka chini, akaubana kwa miguu,
akalala hivyo hivyo, ameukumbatia kwa vifundo.

Nyumbani mke wangu akaniuliza, "Mmeshindaje?"
"Tumeshinda Kigoma," nikajibu, na sikusema uongo,
tulishinda huko kutwa nzima, juani.
Akacheka, akapokea migebuka niliyobeba,
hakuuliza tena.

Februari wanakuja wao.
Nimeomba fedha za mpira mpya.
Mhasibu amesema nisubiri.
Nimemwandikia Ruhomvya: Njooni na wenu.
Amejibu: Tumeshanunua, tutakuja nao.
Kisha, baada ya dakika chache:
Ila pampu hatuna. Ninyi mnayo?