Penye Neno "Manufaa"

Fomu ya ofisi inauliza: Manufaa ya safari.
Wameacha nafasi ya mistari miwili,
na kucha zangu bado zina tope.

Niandike nini?
Kwamba watoto thelathini na mmoja wa Michenzani,
wanaopanda ngazi za ghorofa gizani umeme ukikatika
wala wasijikwae,
wanaomjua mwenye vespa kwa mlio wake tu,
walishuka Unguja Ukuu maji yametoka,
wakaishika kwa miguu njia ya Uzi, mikoko huku na huku,
wakanyamaza?
Sikuwaambia wanyamaze.
Darasani nawaambia tangu Januari.

Machano, mwenyeji wetu, hakuhutubu.
"Vueni viatu. Huu mkandaa, ule mchu.
Lambeni jani la mchu."
Wakalamba. Mize akatema, akacheka:
"Mwalimu, mti unatoka jasho la chumvi!"
Na mimi niliyewaandikia hayo ubaoni, mwaka hata mwaka,
sikuwa nimewahi kulamba jani.

Viatu sikuvua.
Mwalimu havui viatu mbele ya wanafunzi.
Basi nilizama.
Tope lilinishika magotini, nikavuta, likavuta,
buibui likawa zito kama zulia lililonyeshewa.
Watoto walicheka. Kisha wakaacha kucheka.

Akaja Ussi Vuai,
wa mwisho darasani mihula mitatu mfululizo,
ambaye daftari lake hulisahihisha la mwisho, baada ya chai.
Asubuhi ile alikwishazama mara nne
na mara nne akajitoa, hakumwambia mtu.
"Usivute, mwalimu. Ukivuta linabana.
Kaa. Kaa kama uko kwenu.
Tikisa kisigino, polepole, maji yaingie,
ndipo utoe mguu mmoja. Mmoja tu."

Nikakaa topeni, mbele ya darasa langu zima.
Nikatikisa.
Likakoroma kama mzee aliyeamshwa, likaniachia.

Mama yake Mize amepiga simu: sare haitakati.
Nimemwambia aloweke.
Mwalimu mkuu ameuliza, je, haya yatatoka kwenye mtihani?
Nimemwambia sijui.

Jumatatu nilimwita Ussi ubaoni:
theluthi moja, jumlisha robo.
Ikamshika.
Zamani angefuta kwa kiganja, akarudi kitini mbio,
darasa likimzomea.
Safari hii alisimama. Akaitazama.
Nikaona kisigino chake kinatikisika, polepole,
ndani ya kiatu kilichopasuka.
Jibu hakulipata.
Kengele ililia naye bado amesimama,
chaki mkononi, wala hakuomba kukaa.

Hilo haliingii kwenye mistari miwili.
Nimeandika: Wanafunzi wameona mikoko.
Nikageuza ukurasa.
Upande wa pili wameuliza Hasara,
hapo nikajaza bila kusita:
kiatu kimoja, cha kushoto, cha mwalimu.
Kisitafutwe.